Bati la Kijani

Nyumba tuliyokaa wakati wa vita haikuwa yetu, na hakuna aliyetuacha tusahau. Ilikuwa nyumba ya kupitia. Familia zilizokimbia zilipewa chumba, zikipata pa kwenda ziliondoka, nyingine zikaingia. Sisi tulitoka Kalima, mama na watoto watatu, mimi nikiwa mkubwa wao, msichana wa miaka tisa. Baba alirudi nyuma kumchukua bibi, akasema tutangulie, atatufuata Kindu. Tukavuka mto kwa mtumbwi kutoka Alunguli, ng'ambo ya Kindu, bila yeye.

Nyumba ilikuwa kando ya barabara ya stesheni ya reli, njia ya gare kwa wenyeji. Mbele yake palikuwa mchanga mtupu, na paa lote lilikuwa limeliwa na kutu, isipokuwa bati moja la mbele ambalo mtu aliwahi kulipaka rangi ya kijani, Mungu ndiye anajua kwa nini. Lilionekana tangu mbali. Mama alikuwa akimsimamisha kila mwenye baiskeli aliyerudi upande wa Kalima na kumwambia, "Ukimuona bwana yangu, umuambie: njia ya gare, nyumba ya bati ya kijani." Alimtajia na kovu la baba mkononi, na jinsi anavyotembea. Shuleni walituita watoto wa bati. Nililichukia lile bati kuliko njaa.

Halafu wafanyabiashara wa mjini wakaungana kutengeneza nyumba za wakimbizi kwenye barabara ile. Mmoja alitoa mbao, mwingine misumari, mwingine mabati mapya. Huyo wa mabati, mzee mmoja, alikuja mwenyewe, na kanzu yake safi, akasimama uwanjani. Mama alimshukuru sana, kisha akasema, "Lakini ile ya kijani, baba, muiache."

"Muntu anapewa, na anachagua tena!" yule mzee alisema, na watu wakacheka. Mama alieleza habari za baba mbele yao wote. Mzee akakuna kichwa, akamwambia fundi afanye mama anavyotaka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kesho yake mama alikwenda sokoni. Fundi alifika kwenye sehemu ya mbele, akaniita kutoka juu.

"Mama yako iko wapi? Ile ya kijani tunaiacha kweli? Mvua itaingia hapa."

"Alisema muitoe," nilijibu.

Sijui ilitoka wapi sauti ile, nyepesi namna ile. Misumari minne tu, bati likaanguka mchangani.

Mama aliporudi alisimama barabarani na kikapu kichwani, kama mtu aliyekosea nyumba. Mimi nilikuwa chumbani, nimejifunika. Nilimsikia akisema na fundi, lakini sikusikia maneno. Baadaye akalichukua bati, akaliegemeza ukutani mbele, akalizuia kwa mawe. Asubuhi halikuwepo. Nani angeacha bati njiani siku zile? Akaanza kuwatuma watu upya, "nyumba ya mabati mapya," lakini sasa nusu ya barabara ilikuwa na mabati mapya.

Baba hakuja. Vita vilipotulia tukauliza. Mtu mmoja alisema baba na bibi walifia njiani, kabla ya kufika mtoni. Mwingine, mlevi fulani wa stesheni, aliapa kwamba alimwona mtu mwenye kovu akizunguka siku mbili, macho juu ya mapaa. Nimewageuza watu hawa wawili kichwani tangu utoto. Siku nyingine namwamini wa kwanza, siku nyingine wa pili, na siku nyingine najichukia kwa kuchagua yule anayenifaa.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi. Familia bado zinakimbia, na wenye maduka tuliamua kutengeneza nyumba moja nyuma ya soko wanamowekwa wasio na pa kulala. Mimi nilitoa rangi. Na mimi ndiye niliyesema milango yote ipakwe nyeupe, ipendeze, wenzangu wakanisifu. Tulipofika mlango wa mwisho, wa njano iliyochakaa, mama mmoja alisimama mbele yake akatandaza mikono.

"Mama, huu usipake. Mutoto yangu mukubwa tuliachana njiani. Nilituma habari kwake: nyuma ya soko, mulango ya njano. Mukipaka, atatufuata wapi?"

Na mimi, mimi huyu, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Muntu anapewa, na anachagua tena!"

Fundi wa rangi alinitazama, brashi inadondosha matone. Nikamwambia auache. Akauliza kwa nini, nikaenda zangu bila kuaga.

Nilimkuta mama yangu nyuma ya nyumba, anatwanga majani ya muhogo ya sombe. Hataki mashine, anasema inaharibu ladha. Nikamweleza habari ya yule mwanamke, na kabla sijajua ninachofanya nikamwambia kwamba ni mimi niliyemdanganya fundi. Nilikuwa nalia, mtu mzima mwenye wajukuu.

Hakusimamisha mchi. "Fundi aliniambia siku ile ile," alisema.

"Miaka yote hii, mama?"

"Ulikuwa mutoto. Ulitaka nyumba muzuri." Akatwanga kidogo. "Ule mulango, mulipaka?"

"Hapana."

"Munaiacha vile. Njano ndiyo muzuri, inaonekana mbali. Ile yetu ya kijani, hata ungeiacha, asingeiona. Migomba iliifunika."

Nilimshukuru, nikaingia ndani kunawa uso. Maji yakiwa bado mikononi nikaukumbuka ule uwanja, mchanga mtupu mpaka barabarani, mahali nilipochezea miaka miwili. Hapakuwa na mgomba hata mmoja.