Tandiko Lililoota Manyoya

Aliyeharibu tandiko la farasi la bwana shauri, mkuu wa wilaya enzi za ukoloni, ni mimi, tena kwa samli na upendo. Juzi nilikuta mkanda wangu wa ngozi umeota ukungu kabatini, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kijijini Sepuka.

Baba alikuwa mtunza farasi. Mvua zile bwana alipokuwa safarini, tandiko lilikaa kwetu, na baba alilifuta kila siku kwa kitambaa kikavu, akaliweka uvulini penye upepo. Homa ilipomlaza, nikaona ukungu umeanza. Bibi alikuwa akipaka samli ngozi yake ya kuvaa ikang'aa, basi nami nikapaka samli juu ya ukungu, nikalifunga blanketi na kulifungia sandukuni lisione baridi. Ya bibi ilishinda upeponi, hilo sikulifikiria.

Alasiri moja habari ilikuja kwamba bwana anafika kesho. Baba akafungua sanduku. Tandiko zima lilikuwa na manyoya ya kijivu. Nilipiga makofi, nikidhani ngozi imepona na kuota manyoya yake tena. Baba hakunipiga. Aliketi chini, akashika kichwa.

Jirani yetu, Mama Salome, alichungulia mlangoni akasema, "Baba Neema, kazi huna tena. Asubuhi njoo na jembe tulime, na huyo mganga wako wa ngozi aje na lake."