Nilimwambia Nesi Siogopi, Mashine ya Presha Ikaniumbua

Kamwene wakuu.

Naandika yaliyonipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini aje Kilolo aulize nyumba ya bibi mkali, hata mbwa watamwelekeza.

Wengi wenu humu ni umri wa wajukuu zangu. Hiyo "wakuu" nawapa kwa heshima ya jukwaa tu, msivimbe kichwa.

Shule niliishia darasa la nne. Mkiona herufi imekosekana iwekeni wenyewe, muendelee na safari.

Haya sikilizeni.

Kanisani kwetu, Kilutheri, mimi ni kiongozi wa wanawake tangu huyu mchungaji wa sasa hajazaliwa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kufukuza woga wa watu. Mama mumewe kaenda mgodini hapigi simu, naenda. Binti anaogopa kujifungua, naenda.

Nikifika nakaa, nasema: "Woga ni kukosa imani. Futa machozi, tuombe." Tukimaliza namwambia afagie uwanja, maana mtu akiwa na ufagio mkononi hawezi kulia vizuri.

Walikuwa wananyamaza haraka sana. Nilidhani ni Roho Mtakatifu peke yake. Siku hizi naona na sura yangu ilichangia.

Basi macho yakaanza.

Kilolo ukungu ni kitu cha kawaida, kwa hiyo nilidhani mwaka huu umezidi tu. Mpaka siku niliyoukuta jikoni.

Siku moja nikamgombeza mtu shambani kwa jirani, kwamba anatazamana na mzee halafu hasalimii. Nikamsema yeye, nikamsema mama yake, nikaingia na kwenye ukoo. Akanyamaza tu. Nikasema huyu sasa ana kiburi. Kumbe lilikuwa koti wamelitundika kwenye mti kufukuza ndege.

Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni jogoo.

Kwetu Jumapili ya mavuno kila mtu analeta alichojaliwa, mahindi, maharage, viazi, kuku. Ibada ikiisha tunatoka nje, panafanyika mnada. Mimi nilipeleka jogoo.

Mzee wa kanisa akainua jogoo juu, akamsifia. Mimi nikaona kivuli kizuri, kizito. Nikapanda dau. Mama Atu wa kwaya naye akapanda. Nikasema leo hanishindi. Tukapandishana pale mpaka akakaa chini mwenyewe. Watu wakapiga makofi mno, wengine wanajishika mbavu. Nikadhani ni upendo.

Nimefika nyumbani, namfungua kamba, jogoo anaenda moja kwa moja bandani, anapanda kwenye kichanja chake, analala.

Nilikuwa nimemnunua jogoo wangu.

Habari zikafika Mbeya kabla jogoo hajaamka. Binti yangu Neema anaishi Mwanjelwa, anauza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Akapiga simu.

"Mama, huo ni mtoto wa jicho. Huku hospitali kuna madaktari wa macho wanakuja wiki ijayo, wiki moja tu, wanaondoka. Njoo."

Nikamwambia nina palizi. Akasema mama, mavuno yameisha. Nikamwambia nina kikao. Akaniuliza kikao cha nani. Nikasema simu inakata.

Akapiga tena. "Mama, usipokuja, nakuja kukuchukua uhamie kwangu moja kwa moja. Huwezi kuishi peke yako huoni, utaungua na moto. Shamba tutampa mtu alime."

Hapo nikakaa kwenye kigoda.

Maana mimi shamba langu nalijua kwa miguu. Kuniondoa Kilolo nikakae chumbani Mwanjelwa nasikiliza pikipiki mpaka nife, hapana.

Lakini wakuu, nilikuwa naogopa. Mimi nguruwe wa Krismasi nachinja mwenyewe. Nyoka naua kwa mwiko. Ila kisu kwenye jicho! Nilijiuliza, nikifumba macho watapitia wapi? Na nikiyafumbua, si nitakiona kinakuja?

Wanawake wa kanisani wakaja kuniombea. Mama Atu, yule yule wa jogoo, akaingia, akakaa, akasema: "Bibi, woga ni kukosa imani. Futa machozi, tuombe."

Nilikuwa silii.

Tukaomba. Tulipomaliza akaniambia nifagie uwanja.

Nilifagia, wakuu. Kwa hasira, lakini nilifagia. Ufagio haukusaidia kitu. Moyo ulikuwa unapiga vilevile.

Nikaenda Mbeya.

Hospitalini wakatupanga kwenye benchi, wazee watupu, kila mmoja anatazama ukuta asiouona. Kabla ya kupasuliwa lazima upimwe presha. Ikiwa juu, dokta hakugusi.

Nesi alikuwa binti wa Kinyakyusa, Tumpe, mpole sana. Kwanza tulibishana kuhusu masweta. Nilivaa matatu, akataka mkono mtupu. Nikamwambia Mbeya baridi, apime juu ya sweta, damu ni ile ile. Akacheka, akayavua moja moja kama anamenya hindi.

"Bibi, unaogopa?"

"Siogopi. Mimi ni mtu wa maombi."

Mashine ikanibana mkono, ikanguruma, ikapiga kelele.

"Bibi, presha imepanda."

"Imepanda yako."

"Bibi yangu, mashine haidanganyi. Nenda kapumzike, urudi kesho."

Mwili mzima ukapata moto kwa aibu. Sura yangu ilikuwa imetulia kama jiwe la kusagia, halafu kimashine kidogo kile kinanichongea mbele za watu!

Pembeni nikasikia mtu anacheka. Sauti nene, ya mtu mkubwa kama lori. "Pole mayu. Hata mimi imenikataa." Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. Alikuwa Mzee Maduhu, mfugaji kutoka bonde la Usangu, ukoo wao ulihamia huko na ng'ombe zamani.

Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Iringa, Mhehe.

"Aa! Basi afadhali mbwa wangu nimemfunga nyumbani." Ule utani wa zamani, kwamba Wahehe tunakula mbwa.

"Mlete tu," nikamwambia, "leo sina meno ya nyama ngumu."

Benchi zima likacheka. Ila Tumpe akipita na kile kimashine, wote kimya.

Jioni Mwanjelwa kila mtu akawa daktari. Muuza nyanya akasema kitunguu saumu kinashusha presha. Fundi cherehani akasema mlonge. Jirani akapiga simu kutoka Kilolo akasema ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Nikamwambia ulanzi unamshusha mtu, presha inabaki juu.

Nikatafuna kitunguu saumu mpaka Neema akafungua madirisha.

Halafu nikaomba. Niliikemea ile presha kama mwizi wa kuku. Niliiamuru ishuke, iondoke, isirudi. Jirani wa ukuta wa pili akaitikia amina, na si wa dini yetu.

Kesho yake Tumpe akanisogelea, akavaa barakoa ya pili juu ya ile ya kwanza.

"Bibi, unaogopa?"

"Nimeshakwambia siogopi."

Mashine ikanguruma. Ilikuwa juu kuliko jana.

Tumpe akainama, akaniambia taratibu: "Bibi, kesho ndiyo mwisho. Dokta anafunga vifaa vyake. Sijui watarudi lini."

Nilitoka nimeshika ukuta. Msiniulize chakula cha jioni ile kilikuwa nini.

Siku ya mwisho tukabaki wachache kwenye benchi. Wengine walishafanyiwa, wanapita na bandeji wanatupa pole. Tuliobaki ni wale wa presha. Maduhu alikuwa kando yangu, leo hataniani.

"Mayu," akasema, "ninyi watu wa kanisa mnajua kuomba. Mimi nimebatizwa juzijuzi, bado sijui pa kuanzia. Niombee."

Hiyo ndiyo kazi yangu, nikajisikia nimerudi nyumbani. Nikamshika mkono, nikakohoa, nikaanza kwa ile sauti ya kanisani: "Baba wa mbinguni, mtumishi wako Maduhu hapa anaogopa..."

Akanivuta mkono.

"Mayu. Sema tunaogopa. Usinipeleke huko peke yangu."



Wakuu, nilibaki nimemshika mkono tu, mpaka yule mama wa mwisho wa benchi akauliza kama tumeshasema amina.

Miaka yote ile nimeingia nyumba za watu kumwambia Mungu *huyu* anaogopa. Sijawahi kujiweka humo. Na siku tatu hizi nimesimama mbele ya Mungu nimekunja sura ile ile niliyomkunjia Tumpe, kana kwamba Mungu hana mashine yake.

Nikaanza upya. Sauti ilitoka ndogo, sikuitambua.

"Baba, tunaogopa. Mimi naogopa kisu. Naogopa giza. Naogopa kuhamishwa kwangu. Naogopa kushikwa mkono kwenda chooni. Naogopa nikiwa kipofu, Mama Atu atakuja kila siku."

Maduhu akasema, "Mm."

Nikaona mlango wa moyo umefunguka, nikashindwa kuufunga. "Naogopa dokta akipiga chafya. Naogopa umeme ukikatika ameshaanza. Naogopa nzi akiingia. Naogopa wakikosea jicho, wakapasua lile lenye nafuu. Naogopa sindano ikivunjikia ndani. Naogopa kumbe dokta mwenyewe haoni vizuri. Basi Baba, ni mengi, na mimi siyawezi. Yashike wewe. Twende wote huko ndani. Amina."

Machozi yalikuwa yananitoka. Hakuna aliyeniambia nifute. Nilihisi mwepesi kama nimetua kuni kichwani.

Tumpe akaja. "Bibi, unaogopa?"

"Naogopa sana mwanangu."

Akanishika bega, akafunga kile kitambaa mkononi. Mashine ikanguruma, safari hii ikatulia.

"Bibi! Imeshuka!"

Benchi likapiga vigelegele. Akamgeukia Maduhu kwa furaha, akampima.

Ilikuwa imepanda mpaka mashine ikaanza kupima upya yenyewe.

"Mzee, vipi tena?"

Maduhu akasema kwa sauti ya kutetemeka: "Huyu mama... mimi nilikuwa naogopa kisu tu. Hiyo habari ya nzi nilikuwa siijui."

Sasa wakuu, mimi naitwa niingie, na yule mzee nimemharibia. Ningemwachaje? Nikamwomba Tumpe dakika kidogo.

Zamani ningemwambia afagie. Safari hii nikamshika tena mkono, nikamwuliza: "Ng'ombe wako unayempenda kuliko wote anaitwaje?"

Akaniambia. Ana baka jeupe kwenye paji, akikamuliwa anataka aimbiwe. Nikamwuliza anaimbiwa wimbo gani. Akaanza kuuimba pole pole kwa Kisukuma. Nikamwacha hapo anaimba, Tumpe amekaa pembeni anamsubiri kwa utulivu kama anachunga.

Kule ndani ni habari fupi. Walinitia dawa ya ganzi, sikukiona hicho kisu, nilibishana nacho bure wiki nzima. Niliona mwanga tu. Nikaanza kuimba pambio.

Dokta akasema, "Bibi, usiimbe tafadhali, kichwa kinacheza."

Nikaimbia moyoni. Mungu anasikia na huko.

Kesho yake wakatoa bandeji. Kitu cha kwanza nilichokiona ni Neema. Wakuu, mwanangu ana mvi! Sikumwambia. Nilimwambia sketi yake fupi.

Halafu nikasikia ile sauti nene: "Mayu!" Nikageuka kumtafuta lile lori la mtu.

Kamzee kadogo, kembamba, kofia kubwa kuliko mabega, bandeji imetoka, presha ilimshukia kwenye ubeti wa tatu wa wimbo wa ng'ombe.

Akanitazama juu mpaka chini, ambako si mbali.

"Kumbe ni mfupi hivi! Kwa sauti ile nilidhani nakaa na mti!"

Tulicheka mpaka Tumpe akatutoa nje, jicho lisije likafumuka.

Nimerudi Kilolo. Nyumba yangu ni chafu, sikujua. Koti la jirani bado linaning'inia, nimeliomba radhi. Jogoo nilimrudisha kanisani kwa mara ya pili, na safari hii mnada ulipoanza nilikaa juu ya mikono yangu.

Na Jumapili nilisimama mbele ya wanawake, nikawaambia ile kauli ya woga ni kukosa imani naifuta. Mtu asiyeogopa kitu ana haja gani ya kushikwa mkono na Mungu? Woga unauleta hivyo hivyo ulivyo, unautaja jina, unautua kwake, halafu unaingia ndani miguu inatetemeka. Nikasema tukienda kwa mwenye shida tuseme tunaogopa, halafu tuombe. Na kufagia uwanja, atafagia yule aliyekuja kuombea.

Mama Atu alilia sana. Kumbe kila nilipoondoka kwake alikuwa analilia chooni, nisimsikie.

Uzi huu nimeuandika kwa simu ya tachi aliyonipa Neema, herufi kwa herufi, kwa jicho moja. Zamani Neema alikuwa ananipigia simu kunisomea nyuzi zenu, na sasa ndiyo najua alikuwa anaruka matusi. Nayaona. Mjirekebishe.

Wenye wazee wanaokataa kupasuliwa macho, au na wewe kuna jambo linakupandisha presha, andika hapa chini, nitasoma yote. Nasoma pole pole lakini namaliza.

Jicho la pili bado. Madaktari wakirudi naenda, na kusema kweli nimeshaanza kuogopa. Mkiniombea wakuu, semeni tunaogopa. Msinipeleke huko peke yangu.