Nyuma ya Kamba ya Manjano

Namir Yaldo hakuwahi kuingia mlango wowote bila kwanza kutoa mikono mfukoni na kuonyesha viganja. Alifanya hivyo kanisani, posta, hata katika duka lake mwenyewe pale Warren, kando ya Detroit, alikouza bia na sigara tangu alipohamia kutoka Iraki. Loretta Dubicki alimwona akifanya hivyo kila Oktoba, mlangoni mwa ukumbi wa shule, na kila Oktoba alijiuliza: mtu asiye na la kuficha anaonyesha nini?

Loretta alikuwa karani wa wilaya, na siku ya mazoezi ya dharura yeye ndiye aliyegawa kadi. Ilichukuliwa kwamba magaidi wamelipua bomu la nyuklia katikati ya Detroit. Wakazi waliojitolea walivaa kadi shingoni: ameungua, mjamzito, haoni. Hao walipimwa mionzi, wakaogeshwa kwenye mahema, wakapewa blanketi na supu ya viazi. Kadi moja tu iliandikwa MSHUKIWA. Mwenye nayo aliketishwa nyuma ya kamba ya manjano, akilindwa na polisi wawili, hadi saa kumi jioni.

Hakuna aliyemwagiza Loretta ampe Namir kadi hiyo. Mkono wake uliichagua wenyewe mwaka wa kwanza, ukaendelea hivyo miaka kumi.

"Mimi tena?" Namir alicheka. "Bi Loretta, safari hii nimelipua nini?"

"Acha utani, Bwana Yaldo. Wewe unaigiza vizuri."

"Naigiza! Si nakaa tu kwenye kiti?"

Mwaka wa kumi na mmoja aliomba. "Nipe ya kuungua, dada. Nataka kuyaona mahema kwa ndani."

"Ya nini?"

"Nijue maji yanatoka wapi na yanamfikia nani."

Loretta aliwaza sumu. Swali la maji, tena kutoka kwa mtu kama huyu! Alimpa kadi ileile, kisha akaenda kumnong'oneza mkuu wa polisi. Wiki hiyo wanaume wawili wenye suti walipekua duka la Namir hadi ndani ya majokofu, wakaondoka na kadi zake kumi na moja. Loretta aliitwa athibitishe kama ni za wilaya. Alizigeuza. Nyuma ya kila moja Namir alikuwa ameandika mwaka, na neno moja: Sikuoshwa.

Loretta alifungua kabati, akatoa mpango wa mazoezi. Maji ya majeruhi yalikuwemo, ya polisi yalikuwemo, hata ya mbwa wa polisi. Ya walio nyuma ya kamba hayakuwemo. Majivu ya bomu yangewakaa ngozini kutwa nzima. Hata hivyo bado alitaka kumlaumu Namir. Mbona hakusema? Ndipo akakumbuka kwamba alisema.

Oktoba iliyofuata alimtengea kadi ya kuungua. Namir alifika na ndoo iliyojaa. Aliiweka chini kwanza, akaonyesha viganja. Aliitazama ile kadi kama inayoweza kumng'ata.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

Hakuinyooshea mkono. Moyo wa Namir ulisimama Februari iliyofuata, kwa hiyo Loretta hakupata kusikia neno lake jingine baada ya haya:

"Vaa wewe, dada. Mimi nimeshajiletea maji."