Ubora Alivyoipika Video ya Baba Mdogo

Mtaani kwetu kuna mtu anaitwa Ubora. Jina hilo alijipa mwenyewe, na sisi kwa uvivu wetu tukalikubali. Shingoni ana vipokea sauti asubuhi mpaka jioni, hata akiwa buchani anasubiri nusu kilo yake, utadhani nyama itamwimbia. Kabla ya video alikuwa anatengeneza redio, yaani alikuwa anazifungua. Kuzifunga lilikuwa jambo jingine. Watu walipoacha redio akanunua kompyuta, akapaka mlango rangi nyeusi, akaandika "Studio". Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka likaita wateja.

Siri ya heshima yake ni feni. Kompyuta ikielemewa, feni inaunguruma mpaka meza inatetemeka, na kwenye kioo kuna mstari wa kijani unaosogea: asilimia kumi na mbili, asilimia kumi na tatu. Wateja hukaa kwenye benchi wakiutazama mstari huo kwa adabu ambayo hawajawahi kuwapa wake zao. Yeye anaiita kazi hiyo, ya kompyuta kuitoa video upya, kupika. "Hiyo video bado mbichi," atakwambia, "haijapikwa." Ukutani ametundika kibao: Haraka haraka haina baraka. Sijaona methali ikitumikishwa vibaya namna ile.

Tena ana mtindo wake, na anauonea fahari. Zamani umeme ulikatika akapoteza harusi nzima ya watu. Mtu mwingine angejifunza kuhifadhi kazi yake kila baada ya dakika chache. Ubora alijifunza kupika kila hatua. Akikata kipande, anapika. Anaifungua iliyopikwa, anaongeza mwanga, anapika tena, kisha anafuta ile ya nyuma "isijaze nafasi". Hajui, au hataki kujua, kwamba kila mpiko kompyuta inaichora picha upya kwa kukisia, na kila ikikisia inatupa vitu vidogo: mkunjo wa shati, ukucha, ukingo wa mdomo. Viazi vilivyoiva ukivirudisha chunguni mara saba huli viazi, unakula rojo.

Na mimi, mtu mwenye akili zangu timamu, ndiye niliyempelekea baba mdogo.

Mama mdogo wangu hasikii. Alisikia mpaka miaka thelathini, homa ikaja ikachukua masikio yote mawili. Tangu hapo anasoma midomo. Ukiongea naye mtazame, usitafune, usijizibe na kiganja. Atakujibu kabla hujamaliza sentensi, na mara nyingi kwa kejeli. Baba mdogo, mumewe, fundi cherehani, alinyoa masharubu yake wiki ileile aliyojua mkewe hatasikia tena, na hakuyafuga tena kwa miaka ishirini na sita.

Mwaka jana mapafu yake yalipokuwa yanakwisha, aliniita siku ambayo mama mdogo ameenda sokoni. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, karibu na dirisha, uso upate mwanga.

"Nirekodi," alisema, akinipa simu yake. "Utampa nikishaondoka."

Alianza kwa kukohoa, sekunde arobaini za kikohozi kibaya. Kisha akasema polepole, akiliumba kila neno kwa midomo. Katikati mtu akapiga simu, kurekodi kukakatika, tukaanza kipande cha pili. Ukiacha kikohozi, jumla dakika sita.

"Pale ninapokohoa utoe," aliniagiza. "Kukohoa kwangu ameshakuona kwa kutosha."

Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo: kuondoa sekunde arobaini za mwanzo na kuunga vipande viwili. Baada ya mazishi nilienda kwanza kwa dada wa fotokopi, ambaye hana studio wala mlango mweusi, ana mashine mbili na kompyuta ya kuchapia barua. Akavitazama.

"Niachie dakika tano, kaka," alisema. "Vyote vimetoka simu moja, kwa hiyo nakata na kuunga tu. Picha yenyewe siigusi, inabaki vilevile ilivyotoka kwenye simu."

"Dakika tano?"

"Nikichelewa. Ila mkato wa hivi haukai popote unapotaka. Unaweza kurudi nyuma sekunde moja, ukabakiwa na kikohozi kimoja."

Nilimshukuru, nikachukua simu. Moyoni nilimdharau, nasema kweli. Kazi ya marehemu, dakika tano, tena kwa kasoro? Nikavuka barabara nikaingia mlango mweusi.

"Kikohozi?" Ubora alisema. "Nakitoa mpaka mwangwi wake. Niachie simu, bosi. Nipe siku nne."

Siku nne. Nikajiambia, huyu sasa ndiye mtu makini.

Siku ya tatu nilipita. Alikuwa ametoa kikohozi, akapika, ameunga, akapika, ameongeza mwanga, akapika. Chini ya kidevu cha baba mdogo palikuwa na maua mekundu yanafunguka na kujifunga, nayo yameshapikwa.

"Haya maua ya nini?"

"Kumbukumbu hiyo, bosi. Inagusa."

"Yatoe."

"Hayatoki tena. Lakini usijali."

Alipunguza picha kingo zote mpaka maua yakabaki nje, akaivuta iliyosalia ijaze kioo, akapika. Kisha akaipika upya kwa ukubwa wa televisheni. Kisha akaibana iwe ndogo na kuipika tena, kwa sababu flashi yake ilikuwa imejaa harusi za watu. Mara saba. Nilizihesabu baadaye, wakati ule nilikuwa kwenye benchi natazama mstari wa kijani pamoja na wapumbavu wenzangu. Aliponionyesha kazi iliyokamilika niliona nzuri, maana nilikuwa nasikiliza. Mwenye masikio hatazami mdomo.

"Halafu simu ya mzee nimekusafishia," aliniambia akinikabidhi flashi. "Ilikuwa imejaa. Hiyo zawadi."

Nikamwambia asante. Kwa kinywa hiki hiki.

Mama mdogo alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Nikachomeka flashi. Baba mdogo akatokea, mkubwa, mweupe kwa mwanga wa kuongezwa, ngozi laini kama ya sanamu ya dukani. Kikohozi hakikuwepo, nakiri hilo. Chini ya pua palikuwa na vijiboksi vyeusi vinavyohamahama, vikiungana na kuachana. Mama mdogo akainama mbele. Akarudi nyuma. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa.

"Mbona haongei?" aliniuliza.

"Anaongea, mama mdogo."

"Haongei. Huyu hana mdomo."

Nilikimbilia ile simu. Ilikuwa tupu, au afadhali ingekuwa tupu: Ubora alikuwa ameijaza nyimbo zake za kupimia spika. Dada wa fotokopi alihangaika nayo siku nzima, bila kunisimanga hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angenisimanga. Jioni alitikisa kichwa. Nyimbo zilikuwa zimekaa palepale alipokuwa baba mdogo.

Nikamleta Ubora aje aione kazi yake kwa macho yake. Alikuja na vipokea sauti shingoni. Alitazama dakika sita zote amekunja mikono, akimsikiliza marehemu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mpishi anayejionjea mchuzi.

"Lakini sauti," alisema mwishoni, "sauti iko safi sana."

Aliyasema hayo mbele ya mama mdogo, akiwa amemgeukia uso kwa uso.

"Ubora," mama mdogo akajibu, "mdomo wako nauona vizuri kabisa. Ufunge."

Akaufunga, akaenda zake. Kesho yake studio ilifunguliwa kama kawaida na benchi likajaa. Watu wa mtaa huu wanastahili walichonacho, na wa kwanza wao ni mimi.

Siku ile Ubora alipotoka, mama mdogo aliburuta kiti mpaka dirishani, akanikalisha, akakaa mbele yangu. Akaniambia niirudishe video mwanzo, kila anachosema baba mdogo nami niseme. Nilimwomba tusifanye hivyo. Alisubiri tu akitazama midomo yangu.

"Mke wangu," nilisema, nikiifuata sauti ya baba mdogo, "usiku ulikuwa unajifanya umelala ili nisijue unalia. Nilikuwa najua. Na mimi nilikuwa nakohoa kwenye mto, nikasahau kuwa hata nikikohoa kwa nguvu husikii."

Nilisema dakika sita. Kuna maneno mtoto hapaswi kumwambia mama yake mdogo, niliyasema pia, nikimtazama machoni kwa sababu ndivyo anavyosoma. Nilipomaliza akanipapasa goti.

"Ahsante, mwanangu. Maneno nimeyapata," alisema. "Lakini umeniambia wewe."