Wageni Wawili wa Swali la Kumi na Saba

Siku ya kwanza kuripoti kazini, ofisi yetu ikiwa Raskazone kwenye jumba la zamani la madirisha ya mbao, sikupewa kalamu wala karatasi. Mkuu wa Kitengo cha Mitihani aliniwekea mezani kipande cha kadibodi chenye pembe nyingi, akasema, "Kizungushe." Nikakizungusha. "Tena." Nikakizungusha tena. Mara ya tatu mchezo ule ulinichosha, nikakiinua nikakilaza upande wa pili. Akanikazia macho.

"Hapo umekipindua, binti. Kuzungusha na kupindua ni mambo mawili, na riziki yako iko katikati yake."

Ninyi vijana mnafanya mitihani ya maumbo kwenye simu. Mnaona maumbo matano, mnaambiwa mtafute moja lisilofanana na mengine, mnabonyeza, mnapita. Zamani kila umbo lilipita mkononi mwa mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Mtihani wetu ulichagua wanafunzi wa uchoraji wa ramani za majengo. Kwa kila swali nilikata kadibodi tuliyoiita kigezo, nikailaza juu ya karatasi na kufuatisha kingo zake kwa penseli. Niliizungusha kidogo, nikafuatisha tena, mpaka maumbo manne yakatimia. La tano nilikipindua kigezo kwanza, na hilo ndilo lilikuwa jibu. Ofisini tuliliita mgeni.

Shida ya kigezo ni kwamba pande zake mbili zinafanana. Walionitangulia walitia alama ya wino usoni, lakini wino ulipenya ukatokea mgongoni. Mimi nikaja na ujanja wangu: nukta ya wanja. Wanja haukupenya. Mkuu aliponikuta na kichupa cha wanja mezani alicheka sana. "Vigezo vya ofisi hii sasa vinakwenda harusini!" Nilijivuna, sifichi. Miaka ikapita, wakaguzi wakaja wakaondoka, sikukosea hata swali moja. Au ndivyo nilivyoamini.

Nilitumwa kusimamia mitihani Pangani, Muheza, hadi Amani, ambako ukungu uliingia darasani na karatasi zikalegea kwa unyevu. Kote nilikopita watahiniwa walikuwa wale wale: wanapinda shingo, wanageuza karatasi, na mtu akishampata mgeni anaacha kutafuta. Mkuu wa pili niliyefanya kazi chini yake, mama mkali kutoka Lushoto, alizoea kusema, "Anayepata hatazami tena." Nilidhani anawasema watahiniwa.

Kuna mwaka siusahau. Matokeo yalibandikwa Jumatano, na waliochaguliwa, kumi na wawili, walikuwa waanze masomo Jumatatu. Alhamisi asubuhi akaingia msichana mwembamba, kwapani kashika mkoba wenye ukili wa mkeka aliokuwa bado anausuka.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Mwanaidi, natoka Tongoni. Nimekosa nafasi kwa alama moja. Swali la kumi na saba lina mawili yaliyopinduka. Mimi nimetia alama yote mawili, na sharti linasema ukitia alama mbili unapata sifuri."

Nilipandwa na hasira. "Mwanangu, maswali hayo nayachora tangu wewe hujazaliwa. Majibu mawili hayapo."

Hakubishana. Aliomba mkasi. Kwa kumbukumbu tu akakata umbo la swali la kumi na saba kwenye karatasi chakavu, akaanza kulizungusha juu ya meza yangu. Hili la kwanza, hili la pili. La tatu akalipindua, nami nikaitikia kwa kichwa, nimeridhika, kwa kuwa ndilo jibu. La nne akalizungusha. Alipofika la tano, akalipindua tena.

"Sisi kwetu tunasuka, mama. Ukili ukiupindua, mistari yake inaelekea kwingine. Ukiushona hivyo, mkeka mzima unakusuta. Haya nayaona kabla sijafikiri."

Nilikwenda kabatini. Kigezo cha swali lile kilikuwa na nukta ya wanja usoni, kama kawaida. Nikakigeuza. Mgongoni palikuwa na nukta nyingine, hafifu kidogo. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivipanga vigezo kimoja juu ya kingine, na wanja wa cha chini ulikuwa umekipaka cha juu. Kigezo kilikuwa na nyuso mbili, nami sikujua tena nakilaza upande upi.

Ningeweza kunyamaza. Karibu wote walitia alama umbo la tatu wakaendelea na swali lingine, na neno la msichana mmoja wa Tongoni lisingefika mbali. Nalisema waziwazi: nilifikiria kunyamaza, na nilifikiria mpaka chai yangu ikapoa. Mwanaidi alikuwa amesimama tu, mkasi bado mkononi.

Nikaenda naye kwa Mkuu, yule mama wa Lushoto; alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Unajua nikimpokea huyu, barua inakwenda makao makuu na jina lako limo?"

"Najua."

"Na vigezo utaviacha."

Hilo sikuwa nimelitarajia. "Mpokee tu, mama."

Swali lile likasahihishwa upya kwa watahiniwa wote, na aliyevuka akawa yeye peke yake. Jumatatu aliketi wa kumi na tatu, kwenye kigoda cha jikoni, maana madawati yalikuwa kumi na mawili. Mimi nikahamishiwa chumba cha kufunga bahasha. Nililia, jamani. Kazi ya mikono ukiipenda kisha ukapokonywa, ni msiba usio na matanga.

Baada ya miaka Mwanaidi alirudi kitengoni kwetu akiwa mchoraji, na vigezo akakabidhiwa yeye. Siku ya kwanza alikuja chumbani kwangu na kadibodi, tukakaa pamoja kama mtu na mwanawe. Wanja aliukataa. Aligundisha kijipande cha ukindu wa kusukia mikeka kwenye uso wa kila kigezo, ukipapasa unakijua hata umefumba macho. Nilimwonea wivu kidogo, kisha nikamwonea fahari.

Nilistaafu yeye akiwa Mkuu. Siku hizi maumbo yanachorwa na kompyuta, na kompyuta haipaki wanja. Siku ya kuniaga alinikabidhi mkeka aliousuka mwenyewe. "Nimekutilia swali humu, mama. Sasa una nafasi ya kulijibu."

Nililitafuta jibu siku tisa, nimepiga magoti barazani, miwani puani, wajukuu wakinicheka. Siku ya tisa nikamwona mgeni: karibu na ukingo, ukili wa zambarau, umeshonwa mgongo juu. Nikampigia simu pale pale.

"Nimempata, Mwanaidi! Mimi si mtu wa kuchezewa!"

Alicheka kicheko chake cha chini kwa chini.

"Hongera, mama. Na wa pili?"

Nilikata simu bila kuaga, nikarudi kupiga magoti.