Baba, Mwalimu na Mviringo wa Dunia

Asubuhi za Juni pale Qurus, nje ya Karatu, zilinuka mabua ya maharage yanayochomwa yakiwa bado na umande. Moshi wake haukupaa. Ulitambaa juu ya mashamba pamoja na ukungu ulioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukaingia darasani, ukakaa kwenye masweta yetu mpaka mchana. Nilikuwa darasa la sita, miaka ya sabini ikielekea kwisha, na mwezi ule wote sikutulia. Nilikula nimesimama. Nilitumwa maji nikarudi na ndoo tupu. Mama alidhani nina minyoo. Kumbe nilikuwa nimewagombanisha watu wawili niliowapenda kuliko wote, na ugomvi wenyewe ulihusu umbo la dunia.

Wa kwanza alikuwa baba yangu, Mzee Ntandu, aliyekuja kutoka Singida kutafuta kazi kwenye shamba kubwa la kahawa. Yeye ndiye aliyepima usawa wa mifereji. Chombo chake kilikuwa mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha ndani, uliojazwa maji: mmoja anashika ncha ya huku, mwingine ya kule, na maji yakitulia unajua ncha zote mbili ziko usawa mmoja. Wa pili alikuwa Mwalimu Paskali, kijana wa Kiiraqw kutoka Mbulu, aliyetufundisha hesabu asubuhi, na mchana, mara mbili kwa wiki, aliwafundisha wazazi wetu kusoma. Baba alikuwa nguzo ya darasa lile la watu wazima. Alitaka kujisomea mwenyewe barua za kaka yake, badala ya kunisikiliza mimi nikiyaruka maneno magumu. Alipoingia, wafanyakazi wenzake wa kambi ya shamba waliingia nyuma yake.

Siku moja nilirudi nyumbani nikamwambia kwamba dunia ni duara kama chungwa. Baba alicheka. "Nimechimba mfereji wa kilomita tatu hapa," alisema. "Maji yamelala sawa toka mwanzo hadi mwisho. Huo mviringo uko wapi?" Kesho yake niliyabeba maneno hayo mpaka kwa Mwalimu. Alifurahi, akapiga hesabu ubaoni: kwa kilomita moja ardhi huinama karibu sentimita nane; kwa tatu, unazidisha tatu kwa tatu, kisha kwa nane, unapata sabini na mbili. Nikakimbia nayo nyumbani kama niliyebeba zawadi.

"Sentimita sabini na mbili!" Baba aliweka kikombe chini. "Kwenye mfereji wangu? Huyo mwalimu anasema sijui kazi?"

Mwalimu hakuwa amesema hivyo. Alikuwa ameeleza pia kwamba maji yenyewe huinama pamoja na ardhi, kwa hiyo mpira hauwezi kuuona mviringo huo. Lakini kipande hicho mimi sikukielewa, na nilikieleza ovyo. Jumanne iliyofuata Baba hakwenda darasani. Alhamisi hakwenda tena, na nyuma yake wale wa kambini wakaacha mmoja mmoja. Mwalimu alisimama mbele ya madawati matupu akiwa na chaki mkononi. Nilimwona kupitia dirisha.

Ndipo Mwalimu akasema tutapima kitu ambacho kila mtu anaweza kukiona. Alikuwa na rafiki aliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye sasa alifundisha Sale, mbali huko kaskazini, ng'ambo ya Ngorongoro. Alimwandikia achomeke mti wa mita mbili wima, na sisi tuchomeke wetu. Katika wiki moja waliyokubaliana, wakati jua la adhuhuri halisogei sana siku hadi siku, siku yoyote yenye jua, kila upande upime kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote. Kama ardhi imepinda, vivuli havitalingana. Wiki ile ilipofika, siku tatu za kwanza mawingu yalitufunika. Tulikaa kuuzunguka ule mti, tukipuliza viganja kwa baridi, tukitazama juu mpaka shingo zikauma. Siku ya nne jua lilitoboa karibu na saa sita. Kivuli kikalala upande wa kusini, chembamba na cheusi, nasi tukachora alama moja baada ya nyingine: sentimita mia moja na moja.

Jibu la Sale lilichukua zaidi ya wiki mbili. Barua zilipanda gari lolote lililokuwa likienda, zikashushwa, zikangoja jingine. Kila lori lililoguruma barabarani nilidhani ndilo. Nyumbani Baba alikuwa ameanza tena kunipa barua za kaka yake nimsomee, na nilipokuwa nikisoma hakunitazama usoni.

Barua ya Sale ilipofika ilisema tisini na sita. Tulichora pembetatu mbili kwa vipimo, tukaweka kipimapembe, tukaona tofauti ya nyuzi moja na ushee. Tukachukua moja. Kwenye ramani, Sale na kwetu ni kama kilomita mia na ishirini na tano. Duara zima lina nyuzi mia tatu na sitini; tukazidisha, na mzunguko wa dunia ukatoka kilomita elfu arobaini na tano. Kitabu kilisema elfu arobaini. Tulishangilia kana kwamba zile elfu tano ni makombo.

Mwalimu aliwaalika wazazi. Baba alikuja, akasimama mlangoni na buti zake za matope, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, nikitundika taa ya karabai juu ya meza, na vikombe viwili mezani chini yake, kimoja karibu, kimoja mbali, vivuli vitalingana?"

"Havitalingana, Mzee."

"Na meza ni bapa."

Mwalimu aligeuka akautazama ubao wake, kisha akacheka, kicheko cha kweli. "Hapo umenishika, Mzee Ntandu. Miti miwili haitoshi. Kama jua liko karibu kama karabai, hesabu yangu imeanguka. Sina jibu leo."

Watu wa kambini walipiga makofi. Jumanne iliyofuata Baba alikuwa dawati la mbele, na wenzake wote nyuma yake.

Ningepaswa kutulia. Badala yake nilizidi kuwashwa. Jioni zile, ukungu ulipolififisha jua kiasi cha kuliangalia bila kuumia, nilinyoosha mkono nikashika punje ya dengu mbele yake. Dengu ililifunika sawasawa. Mchana, wingu jepesi lilipopita, nilijaribu tena, na dengu ikatosha vilevile. Lakini karabai ukiipeleka mbali hupungua ukubwa. Jua la jioni, ambalo kwa hoja ya Baba, ya karabai juu ya meza, limekwenda mbali sana, halikupungua hata kidogo, na tena lilizama likikatwa kuanzia chini, kama kitu kinachoingia nyuma ya mgongo. Nilikuwa na jibu. Nililala nalo na kuamka nalo, nikiogopa kwamba nikilitoa, dawati la mbele litabaki tupu tena.

Mwishowe nilimwambia jioni moja kwenye njia ya mferejini, tukiwa wawili tu. Hakubisha. Aliomba dengu, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono. Alirudia kesho yake mchana, na siku iliyofuata. Siku ya tatu aliniita.

"Salima, mama, umeona vizuri," alisema. "Mwambie mwalimu wako. Ila ningoje kwanza nimalize kitabu cha kusoma. Nikishindwa leo mbele ya watu, nitatafuta sababu ya kutorudi. Najijua."

Nilingoja hadi Septemba. Siku Baba aliposoma barua nzima ya kaka yake kwa sauti, akikwama mahali pawili tu, ndipo nilipomweleza Mwalimu. Alinifanya nieleze jibu langu mbele ya darasa lote la watu wazima, Baba akiwepo, na Baba ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Sasa mimi ni mwalimu mstaafu hapa Karatu mjini. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mtu anayeapa kwamba dunia ni bapa, na chini yake mamia ya watu wanatukanana. Nilianza kumweleza habari za vivuli, lakini kabla sijafika mbali alishafungua video nyingine. Simlaumu; hatakutana kamwe na yule mtu wa kwenye simu, wala wale wanaomtukana hawatakutana naye. Sisi tuliobishana tulichota maji sehemu moja na kuzikana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo kila mmoja, kabla hajamshinda mwenzake, alilazimika kufikiria ataishi naye vipi kesho.