Maziwa ya Shamso Yanasafisha

Kama hujawahi kutukanwa na Shamso, basi hujawahi kununua maziwa ya ngamia katika soko letu la Garissa. Ukinusa kikombe, anakunyang'anya. Ukiuliza kama maziwa ni ya leo, anakuuliza kama na wewe ni wa leo. Na bado tulipanga foleni, mimi nikiwa mmojawapo, kwa sababu maziwa yake yalikuwa mazuri kweli. Yalifika kwa basi kutoka pande za Modogashe, ndani ya mitungi ambayo hakuiosha kwa maji hata siku moja. Aliifukiza kwa moshi wa vijiti, kama alivyofundishwa na mama yake.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo namjua kuliko nilivyotaka. Mumewe alikufa akamwachia wavulana wawili, Khalif na Shuaib, na ngamia mmoja mgonjwa. Alianza kwa kuwabebea wanawake wengine mitungi yao. Miaka ikapita, wanawake wale wale wakawa wanakaa pale anapowaambia wakae. Kila bati la nyumba yake, lango la chuma, tangi la maji lililochimbwa uani, vyote vilitoka kwenye maziwa. Jina lake ndilo lililokuwa duka lake, hakuwa na lingine. Nalisema hili mapema ili usimwone shetani mtupu.

Khalif, mkubwa, akawa dereva wa lori la Mandera. Akaoa Nairobi, mtaa wa Eastleigh, binti anayeitwa Ruweyda, na mwaka ule wa mafuriko akamleta akae kwa mama yake. Msomali kama sisi, lakini amekuzwa kwa maziwa ya paketi, na kosa hilo Shamso hakumsamehe. Alimwita Baketi, maana ile p wazee wetu huitamka b. Baketi, leta kuni. Baketi, umechoka nini na hujafanya kitu? Hata mjukuu wake mwenyewe, Hani, mtoto wa miaka miwili mwenye macho makubwa, alimwita Baketi Ndogo.

Sasa, kwetu mgeni wa mjini akinywa maziwa ya ngamia mara ya kwanza, tumbo humwendesha, na watu humcheka. Tunasema anasafishwa. Hakuna anayemwonea huruma, wala yeye mwenyewe hajionei.

Kwa hiyo, mvua kubwa zile za mwisho wa mwaka zilipokuja, Tana ikafurika mpaka maji yakapita katikati ya nyua zetu, na Ruweyda akaanza kutapika na kuharisha, Shamso alifurahi kama aliyeletewa zawadi. Alimpelekea kikombe kingine cha maziwa mabichi, akasimama mlangoni kuhakikisha amekimaliza. Ruweyda alikimaliza, akakitapika palepale kwenye kanga yake. Shamso alicheka hadi akajifuta macho. Kisha akaenda kuimwaga hadithi yote sokoni.

"Baketi anasafishwa!" aliwatangazia wateja kwa Kiswahili chake. "Maziwa ya Shamso haina mchezo! Imetoa mbaka uji ya harusi yake!"

Soko zima likacheka. Wanawake wa mitungi walipigana mabega. Nakumbuka vizuri, maana hadithi ile ilimpatia wateja wapya siku hiyo hiyo.

Halafu Hani akashikwa. Mtoto hana akiba mwilini. Asubuhi alikuwa akimfukuza kuku wangu, jioni shingo yake haikuweza kushika kichwa. Ruweyda, mwenyewe bado akijishikilia kuta, alimwambia mama mkwe wake, "Hooyo, nimpeleke hospitali."

"Umpeleke upite naye wapi?" Shamso aliuliza.

Njia ya hospitali inapita soko la maziwa.

"Wakimwona mjukuu wa Shamso amelegea hivi, nani atanunua kwangu kesho? Kucheka ni kucheka. Maiti ni kitu kingine. Mpe maziwa. Atatoa uchafu wa Nairobi, atapona."

Ruweyda alimpigia mumewe simu. Khalif alikuwa njiani, mtandao ukikatika, na kilichofika ni, "Msikilize mama." Nilimsikia Ruweyda akilia upande wa pili wa ukuta. Kulia kwenyewe ni kwa chini chini, ili asisikike.

Kilichonikasirisha zaidi ni kilichofuata. Shuaib naye akaanguka. Huyu ni kijana aliyelelewa kwenye boma la ngamia, miezi mizima hali kitu ila maziwa. Kama kuna tumbo lililokwisha kusafishwa Garissa nzima, ni la Shuaib. Hapo hata mbuzi angeelewa kuwa si maziwa, ni maradhi. Shamso akasema amekula chipsi za barabarani.

Halafu yakamshika yeye mwenyewe. Tumboni alikuwa akisokotwa, usoni amekuwa rangi ya jivu, lakini alijifunga leso kiunoni, akabeba mitungi yake, akaenda sokoni. Kila baada ya muda alikimbilia choo cha msikiti, akirudi anasema amefunga Sunna ndiyo maana amelegea. Nilimwonea huruma kidogo, nakiri. Lakini huruma hiyo ilikatika nilipoliangalia lango lake. Alikuwa amelifunga kwa kufuli kwa nje, akaenda na ufunguo.

"Mama Nuh!" Ruweyda aliniita kutoka ndani. Sauti haikuwa yake. "Mama Nuh, Hani hatoi machozi tena."

Nilipanda juu ya ndoo. Yeye alikuwa amepanda juu ya mtungi mtupu wa maziwa, ameinua mtoto kwa mikono miwili. Nilimpokea Hani juu ya vipande vya chupa vilivyopachikwa ukutani. Alikuwa mwepesi kama nguo iliyoanikwa, midomo imepasuka, macho nusu wazi, hayaangalii mtu. Mama yake akafuata. Chupa zikamchana goti, wala hakuliangalia. Akaniambia Shuaib, aliyebaki ndani, bado ana nguvu, anaweza kungoja turudi. Hani hawezi kungoja.

Tulipata tuktuk. Ilipofika soko la maziwa, barabara ilikuwa imezibwa na punda wa mikokoteni ya maji, ikasimama mbele ya mitungi ya Shamso kabisa. Alituona. Akainuka ghafla, akayumba, akashika kichwa cha mwenzake asianguke.

"Unaenda wapi na mtoto wa mwanangu?"

Wanawake wakasogea. Mmoja akafunua uso wa Hani, akavuta pumzi, akauliza ana nini.

Ruweyda alimtazama mama mkwe wake. Sijawahi kumwona akimtazama usoni kabla ya siku ile.

"Hana kitu," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni. "Maziwa ya Shamso yanamsafisha."

Hakuna aliyecheka. Mteja mmoja aliyekuwa ameshika kikombe alikirudisha taratibu juu ya meza.

Hospitalini muuguzi alitafuta mshipa wa Hani mkononi, akaukosa. Akatafuta mguuni, akaukosa. Mtoto hakulia kwa sindano hata moja, na huko kutolia ndiko kulikotumaliza. Mwishowe akaupata kichwani. Matone yakaanza kushuka, nasi tukakaa tukiyatazama. Jua lilipoanza kupungua makali, Hani alilia. Ruweyda aliinama, akaweka paji la uso kwenye kitanda, akalia pamoja naye.

Muuguzi alituuliza maji ya kunywa tunayatoa wapi. Mimi nanunua ya mkokoteni, nachemsha. Kwao ni tangi la uani. Alinitazama mimi niliyemwambia kwamba nakunywa maziwa ya Shamso kila siku, na nimesimama mzima, akamtazama Ruweyda, akasema, "Si maziwa hayo, mama. Angalieni tangi."

Mafundi walipofunua mfuniko, hawakuhitaji kupima chochote. Mafuriko yalikuwa yameingiza uchafu wa choo ndani ya tangi, na familia nzima ilikuwa ikinywa humo. Maziwa hayakuwa na hatia hata tone.

Shuaib alipona. Shamso akapona pia, akarudi sokoni na mitungi yake iliyofukizwa vizuri, na hakuna aliyesimama mbele yake. Aliapa kwa Mungu kuwa ni maji. Wakamkumbusha maneno yake mwenyewe: si ni wewe uliyesema yametoa mpaka uji wa harusi? Mimi niliwaambia watu ukweli, wakaniuliza Shamso amenipa maziwa ya bure kiasi gani. Ni mtu mmoja tu wangemwamini, na huyo haendi sokoni. Mitungi ilienda imejaa, ikarudi imejaa, maziwa yakichacha. Mahali pake pa mwanzo wa mstari pakachukuliwa na mwanamke ambaye Shamso alikuwa akimtukana kila siku.

Jioni moja nilimsikia Shamso uani kwake, akiongea kwa sauti ambayo sikujua kuwa anayo.

"Ruweyda." Alilitaja jina lake. "Njoo nami kesho. Waambie ni tangi. Neno moja tu kutoka kwako. Nitakaa na nini mimi? Sina kazi nyingine."

Nilichungulia. Ruweyda alikuwa amekaa kwenye mkeka, Hani mapajani. Alichana pembe ya paketi ya maziwa kwa meno, akammiminia mtoto kikombeni, akamshikia mpaka alipomaliza.

"Mimi ni Baketi tu, hooyo," alisema kwa upole. "Najua nini mimi kuhusu maziwa?"

Akaitikisa ile paketi karibu na sikio lake, akamnyooshea mama mkwe wake.

"Yamebaki kidogo. Kunywa, usilale njaa."